Kocha wa Saina ana jina lake

Mhariri,

Makala iliyotoka wiki iliyopita katika ukurasa wa burudani wa gazeti lako, kuhusu filamu ya Kihindi ya "Saina", inayosimulia maisha ya mchezaji wa mpira wa vinyoya Saina Nehwal, ilihitimisha kwamba filamu hiyo imepoa kwa sababu mpira wa vinyoya (badminton) hauna msisimko wa kutosha kuibeba hadithi ya saa mbili na zaidi. Nakubaliana na mwandishi kwamba filamu imepoa. Sababu aliyoitoa siikubali hata kidogo, nami naomba nafasi niseme kwa nini.

Nusu ya kwanza ya filamu hii, iliyoongozwa na Amole Gupte na kutolewa Machi 2021, haina ubaya wowote. Saina Nehwal alizaliwa Hisar, katika jimbo la Haryana, mwaka 1990, na alipokuwa na umri wa miaka minane familia yake ilihamia Hyderabad, ambako baba yake alikuwa akimpakia kwenye skuta kila alfajiri kumpeleka uwanjani, mwendo wa kilomita 25 hivi, huku mama akikaa nyuma kumshikilia mtoto asije akasinzia na kuanguka. Baba huyo, msomi wa sayansi ya kilimo, alifika mahali pa kuchota akiba yake ya uzeeni ili kununua raketi na vinyoya. Utoto wa namna hiyo hauhitaji kutiwa chumvi. Meghna Malik, aliyecheza nafasi ya mama, anatisha na kuvutia kwa wakati mmoja, hasa pale anapomzaba kofi binti yake kwa kushika nafasi ya pili. Na yule mtoto aliyeigiza Saina mdogo, Naishaa Kaur Bhatoye, ni mchezaji wa vinyoya kweli, jambo ambalo mtu aliyewahi kushika raketi hahitaji kuambiwa. Ataliona kwenye kifundo cha mkono, na kwenye ule mruko mdogo wa miguu ambao mchezaji huufanya kabla mpinzani hajagusa kinyoya. Parineeti Chopra, aliyechukua nafasi ya Saina mtu mzima baada ya Shraddha Kapoor kujitoa, amejitahidi, ila miguu yake haina mruko huo. Simlaumu, kwa maana hilo halifundishiki kwa miezi michache.

Nikiri pia kwamba bango la filamu lilinichekesha, kama lilivyowachekesha wachezaji wengi huko India. Lilionyesha mkono ukirusha kinyoya juu hewani, kama mtu anayeanzisha mchezo wa tenisi, ilhali katika mchezo wetu kinyoya huanzishwa kwa kupigwa kutoka chini. Mwongozaji alijitetea kuwa ile ilikuwa ishara, na kwamba kinyoya ndicho Saina mwenyewe. Yakaisha.

Kosa ambalo halijaisha ni la kocha. Katika filamu, mama anaitwa Usha Rani kama alivyo, baba anaitwa Harvir Singh kama alivyo, na hata Parupalli Kashyap, mchezaji mwenzake ambaye Saina aliolewa naye mwaka 2018, yumo kwa jina lake halisi. Lakini mtu aliyemlea Saina kimchezo, akamtoa kwenye viwanja vya vijana na kumfikisha kwenye jukwaa la medali za Olimpiki, amegeuzwa kuwa bwana mmoja aitwaye Rajan, anayeigizwa na Manav Kaul. Kocha Rajan hajawahi kuwepo. Aliyekuwepo ni Pullela Gopichand.

Niliigundua hasara ya jambo hili siku niliyowaonyesha filamu watoto ninaowafundisha kila Jumamosi katika ukumbi wetu hapa Mombasa. Ilipokwisha, kijana mmoja wa miaka kumi na miwili alichukua simu na kuanza kumtafuta kocha huyo kwenye intaneti, maana alitaka kuona alivyokuwa akicheza enzi zake. Baada ya muda akanijia. "Mwalimu, huyu Rajan alichezea India mwaka gani? Mbona simwoni popote?" Nilishindwa kumjibu mara moja, kwa sababu jibu lenyewe ni hadithi nyingine nzima, nzuri kuliko ile tuliyotoka kuiangalia.

Gopichand alitwaa ubingwa wa All England, moja ya mashindano makubwa ya mpira wa vinyoya duniani, mwaka 2001, akiwa na goti lililokwisha kupasuliwa, na kabla yake ni Mhindi mmoja tu aliyewahi kufanya hivyo, Prakash Padukone, mwaka 1980. Baada ya ushindi huo alikataa fedha za kutangaza soda. Alipotaka kujenga akademi yake Gachibowli, pembezoni mwa Hyderabad, serikali ya jimbo ilimpa ardhi, lakini fedha za ujenzi zikawa haba, naye akaweka rehani nyumba ya familia. Mtazamaji asiyeyajua haya humwona Rajan kuwa mkali bila sababu, kama baba mkwe wa kwenye filamu za zamani, kila anapomkemea Saina kwa mambo yanayomtoa uwanjani. Mtazamaji anayeyajua huelewa kwamba ukali ule ni wa mtu aliyejinyima kwanza yeye mwenyewe.

Zingatia sasa utengano wa Saina na Gopichand. Mwaka 2014, Saina aliondoka Hyderabad kwenda Bengaluru kufundishwa na Vimal Kumar, katika akademi ya nani? Ya Prakash Padukone, yule yule. Maana yake alimwacha mmoja wa mabingwa wawili pekee wa All England waliowahi kutoka India na kwenda nyumbani kwa mwingine. Mwaka uliofuata alifika fainali ya All England, akawa mwanamke wa kwanza wa India kushika namba moja kwa ubora duniani, kisha akapata medali ya fedha katika ubingwa wa dunia kule Jakarta. Kwa hiyo kuondoka kule hakukuwa kosa. Hata hivyo, mwaka 2017 alirudi kwa Gopichand, na mwaka 2018 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia, kwa kumshinda P. V. Sindhu, mwanafunzi mwingine wa kocha huyo huyo. Ni mwandishi gani wa filamu angeweza kubuni mgogoro mzuri kuliko huo? Hauna adui hata mmoja, kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja anaumia.

Ndiyo maana nasema mchezo wenyewe hauna hatia. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, msichana huyu wa miaka 18 alikuwa akiongoza kwa pointi 11 kwa 3 katika seti ya mwisho ya robo fainali, na akafungwa na Maria Kristin Yulianti wa Indonesia. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alipoteza seti ya kwanza 21 kwa 18 katika mechi ya kuwania shaba, kisha Wang Xin wa China akaumia goti na kushindwa kuendelea, na medali ya kwanza ya Olimpiki ya India katika mchezo huu ikapatikana kwa namna ambayo hakuna mchezaji angeiomba. Anayesema hapo hapana msisimko, basi hajawahi kuketi karibu na wavu.

Huenda waandaaji walikuwa na sababu zao za kubadili jina, na sina haja ya kuzibahatisha. Ila filamu inapojiita ya wasifu na mwanafunzi akabaki na jina lake ilhali mwalimu amenyang'anywa lake, mtazamaji anayo haki ya kuambiwa.

Makala yenu ilichapisha kisanduku chenye majina ya waigizaji na wahusika wao, na ndani yake mmeandika: "Manav Kaul: kocha wa Saina, Rajan." Naomba katika toleo lijalo mwongeze mstari mmoja, kwamba kocha halisi ni Pullela Gopichand, bingwa wa All England 2001. Yule kijana wangu nimekwisha kumwandikia jina hilo kwenye daftari.

Mwalimu wa mpira wa vinyoya,
Mombasa