Nondo za balkoni zikae juu, si chini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaojenga ghorofa hapa Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku, nyumba za ghorofa zimeota kila upande, Kisasa hadi Iyumbu, na nyingi zina balkoni. Mwenye nyumba akifika saiti huuliza nondo ni za milimita ngapi. Sawa, lakini aulize pia zimelala wapi.

Zege huhimili sana kugandamizwa. Likivutwa ni dhaifu, halifikishi zaidi ya kama sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo, ndiyo maana nondo huwekwa pale panapovutwa. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili hupinda katikati kwenda chini, upande wake wa chini ukavutika, na nondo kuu hukaa chini. Mafundi wengi mkono umezoea hapo. Balkoni ni kinyume chake: imeshikwa upande mmoja, ncha inataka kuinama, na panapovutwa ni upande wa juu, hasa pale inapotokea ukutani. Nondo zikilazwa chini, hata ziwe za milimita 16, balkoni hiyo inategemea zege tupu.

Mzigo wenyewe si mdogo. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi, kwa hiyo jamvi, yaani bamba la zege la sakafu, la sentimita 15 lina kilo 360 kila mita ya mraba kabla ya vigae, kingo na watu. Halafu wapo wanaopandisha hapo tangi la lita 1,000 kwa sababu ya mgao wa maji. Likijaa ni tani nzima, na sijui nani huwashauri kuliweka nchani. Urefu nao una bei. Balkoni ikitoka mita 1.2 ikawa 1.8, nguvu ya kuipinda ukutani hufika mara mbili na robo, kwa unene uleule.

Hata zikifungwa juu, mara nyingi hazibaki juu. Siku ya kumwaga zege wabeba karai hupita juu yake, toroli nalo linapita, na waya wa kufungia hauwezi kuzuia uzito huo. Katika jamvi la sentimita 15, nondo ya milimita 12 yenye kava (zege linaloifunika) ya milimita 25 inatakiwa kuwa kama sentimita 12 kutoka chini. Ikikanyagwa ikashuka hadi sentimita 6, karibu nusu ya nguvu imekwenda, na zege likishafunika hakuna jicho litakaloona. Dawa yake ni viti vya kuzishikilia juu, vilivyokunjwa kwa nondo za milimita 8 au 10, kimoja kila sentimita 60 hadi 80, na mbao za kupitia watu. Nondo hizo pia ziingie ndani ya jamvi la chumba walau mara moja na nusu ya urefu wa balkoni: ya mita 1.2 iingie mita 1.8.

Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa. Ngema za Kilimatinde, magharibi mwetu, ni ardhi iliyokatika, na tetemeko la mwaka 2002 lilitikisa mji huu. Tetemeko huisukuma nguzo kwa ubavu, kwa hiyo ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo kuu za nguzo, zikaribiane karibu na maungio ya nguzo na boriti, kama sentimita 10 badala ya 20, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege, nyuzi 135. Zikiachwa nyuzi 90, zege la nje likibanduka hufunguka.

Upepo wa Juni hadi Septemba hukausha zege haraka. Lifunikwe magunia na kuloweshwa si chini ya siku 7. Mirunda, yaani miti inayoegemeza balkoni kwa chini, ikae siku 28, na ianze kutolewa nchani kurudi ukutani. Ukianza na ya ukutani, ncha inabaki imeegemea mrunda, na upande wa chini usio na nondo ndio unaovutwa.

Ombi langu kwa wahandisi wa halmashauri ni moja. Ukaguzi wa nondo za balkoni ufanyike asubuhi ya kumwaga zege, utepe wa kupimia mkononi, na sahihi iwekwe kwenye daftari la saiti kabla mashine ya kuchanganyia haijawashwa. Mwenye nyumba naye apige picha utepe ukiwa umesimama kando ya nondo.

Mhandisi wa majengo,
Dodoma