Baba hataki daktari ajue kuwa haoni vizuri

Ndugu mshauri,

Baba yangu ana mailoma, saratani ya uboho. Aliyeishtukia mwanzoni ni daktari wa macho. Baba alikwenda kutaka miwani tu, maana maandishi yalikuwa yanaingia ukungu. Akatiwa matone ya kutanua mboni, akamulikwa, na daktari akakuta mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imevimba na kujipinda, na madoa ya damu huku na huku. Miwani hakuandikiwa, aliandikiwa vipimo vya damu. Kumbe chembe za plazima (chembe za kinga za kwenye uboho) zilizoharibika zilikuwa zinatoa protini nyingi mno hadi damu ikawa nzito. Akachujwa kwa mashine kuipunguza protini hiyo, akaanzishiwa dawa, na macho yakarudi taratibu.

Sasa ukungu umerudi. Hasemi, lakini namwona. Akisoma ujumbe wa simu hufumba jicho moja. Ngazi huzipapasa kwa unyayo kabla ya kukanyaga, na usiku taa za magari huzikinga kwa kiganja. Nilipombana alikiri, kisha akanikataza nisimwambie daktari wa saratani. Anasema majibu ya damu ni mazuri, na akitaja macho watamsimamishia deksamethasoni (deksa), mojawapo ya dawa zake za mailoma, ugonjwa uamke. Mimi nadhani anaogopa zaidi kuambiwa kwamba umeshaamka.

Nimesoma na kuulizia, ndipo nikazidi kuchanganyikiwa. Deksa ni steroidi, na steroidi zikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho. Huweza pia kupandisha presha ya jicho kimyakimya, bila maumivu, na neva ya jicho ikishaharibika kwa presha hairudi. Halafu kuna sukari: deksa huipandisha, na sukari ikiyumba kuona nako huyumba. Chembe za kugandisha damu zikipungua, retina huweza kuvuja damu. Uvimbe wa mailoma ukiota nyuma ya jicho hulisukuma nje, au mtu akaona vitu viwiliviwili. Hata dripu ya mifupa anayowekewa, asidi ya zoledroni, mara chache hufanya jicho liwe jekundu na liume. Baba hana wekundu wala haoni viwiliviwili, angalau hilo. Ila mimi nitajuaje kama huu ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji, au ni damu iliyozidi uzito, ambayo haingoji tarehe ya kliniki?

Mama anasema nimwache, mwili ni wake. Kaka anataka nipige simu kliniki leo hii (yeye anaishi mbali, lawama hazitamfikia). Mimi ndiye ninayempeleka baba matibabu, na namjua: nikimzunguka, hataniambia tena jambo lolote, hata homa.

Naomba ushauri. Nimwambie daktari wa saratani kwa siri? Au nimpeleke baba kwanza kwa daktari wa macho, kwa kisingizio cha miwani, apimwe presha ya jicho na kuangaliwa retina? Na kama yupo msomaji aliyesema ukweli kuhusu macho yake na bado akaendelea na matibabu, tafadhali aeleze madaktari walirekebisha nini. Maneno ya mgonjwa mwenzake baba huenda akayasikia. Yangu ameshayachoka.

Binti mwenye wasiwasi