Barua ya wazi kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani Tanzania: amri ya kusogeza gari itangulie mnyororo

Afande Kamanda,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni dereva wa kirikuu, napakia mizigo Kariakoo na kuishusha Mbagala na Gongo la Mboto, na ninakuandikia kuhusu mamlaka ya askari kumwamuru dereva aondoe gari lake mahali lilipo.

Mamlaka hayo siyapingi hata kidogo. Yeyote anayeujua Mtaa wa Msimbazi asubuhi, mwendokasi ukipita katikati, maguta na mikokoteni ikibanana pembeni, na fuso moja ikishusha marobota kwenye njia iliyobaki, anaelewa kwamba gari moja lililosimama vibaya linaweza kumchelewesha mgonjwa anayekimbizwa Muhimbili. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo leo ni Sura ya 168, inamtaka dereva atii maelekezo ya askari, na ndiyo maana sote tulifundishwa kwamba mkono wa askari unaishinda hata taa.

Ninacholilia ni utaratibu. Miezi michache iliyopita nilisimama mtaa mmoja wa pembeni nikisubiri magunia mawili ya mwisho yapakiwe, kosa ambalo silikatai. Wakafika vijana wa gari la kuvuta, wakafunga mnyororo gurudumu la mbele nikiwa nimeketi kwenye usukani na injini inanguruma. Askari hakuwapo. Niliwaomba wanipishe niondoke, wakanijibu kwamba mnyororo ukishafungwa haufunguliwi bila malipo. Nilihangaika saa mbili kutafuta fedha, na kwa saa mbili zote hizo gari lilibaki palepale, limeziba njia. Kizuizi ambacho kingeondoka kwa neno moja la askari kilirefushwa na watu waliokuja kwa jina la kukiondoa.

Kwa hiyo ninakuomba, Afande, utoe waraka kwa wakuu wa usalama barabarani wa mikoa yote, ueleze kwamba dereva akiwapo na gari likiwa zima, jambo la kwanza ni askari mwenye sare kumwamuru asogee, na kwamba gari lisifungwe wala lisivutwe kabla amri hiyo haijatolewa na kukaidiwa. Anayekaidi ashtakiwe, huyo sitamtetea. Gari lililotelekezwa livutwe, na gari bovu lisaidiwe kutoka barabarani haraka, kwa kuwa mwenye gari bovu hawezi kutii amri hata akitaka.

Waraka huo umtake pia askari amwelekeze dereva pa kwenda. Anayeambiwa "toa gari" bila kuelekezwa huzunguka kona, akasimama penye katazo jingine, akaandikiwa faini na askari wa pili asiyejua la wa kwanza. Shilingi 30,000 kwa mtu wa kirikuu ni jasho la siku nzima, na pengine zaidi siku mizigo ikiwa michache. Wapakiaji na madereva wa Kariakoo tunajua ni mitaa gani ina nafasi ya kushushia mizigo na kwa saa zipi, na maofisa wako wakitaka kuizungukia, mimi niko tayari kufuatana nao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva wa kirikuu, Dar es Salaam