Mlituuzia kusikiliza, mkatupitisha mlangoni

Toronto, Ontario

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA OTTAWA, NATIONAL GALLERY OF CANADA

Mimi ni mwalimu wa kwaya iliyolipia viti 22 katika basi lenu Jumamosi iliyopita, dola 145 kila mtu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, na mwongozaji wenu alisema nasi Kiswahili kutwa nzima.

Tangazo hilo ninalo mpaka sasa. Linasema tungekaa saa moja na nusu ndani ya kikanisa cha Rideau, kilichomo ndani ya jumba hilo la sanaa, tukisikiliza kazi ya sanaa ya sauti: wimbo unaotoka katika spika 40 na kurudiwa tena na tena. Tulikaa humo dakika zisizofika 20. Tulitolewa pale hasa wimbo ulipokuwa karibu kuanza upya.

Nilipopiga simu ofisini Jumatatu, mhudumu wenu aliniambia kwamba rekodi ya wimbo ule ipo mtandaoni na tunaweza kuisikiliza nyumbani. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kuyaacha yapite, maana limenionyesha kuwa kampuni yenu haikijui ilichotuuzia. Niruhusu nieleze.

Kazi ile inaitwa Forty Part Motet, ya Janet Cardiff, msanii wa Kanada, na ni ya mwaka 2001. Wimbo wenyewe ni wa Kilatini na ni mkongwe: Thomas Tallis aliutunga Uingereza takriban mwaka 1570, kwa sauti 40 zilizogawanywa katika kwaya nane za watu watano watano. Kwaya ya kanisa kuu la Salisbury iliuimba, kila mwimbaji akirekodiwa kwa maiki yake. Kisha kila sauti ikapewa spika yake, na spika zote zikasimamishwa juu ya vyuma kwa kimo cha kichwa cha mtu, zikizunguka ukumbi kwa umbo la yai.

Ukisimama katikati, wimbo mzima unakufunika. Ukisogea hadi kwenye spika moja, unakutana na mtu mmoja: unasikia anavyovuta pumzi, anavyoingia, anavyonyamaza kuwapisha wenzake. Nimefundisha kwaya miaka mingi, na hata mimi siwezi kupita katikati ya waimbaji wangu wakiwa wanaimba, nikaweka sikio kinywani mwa kila mmoja. Pale inawezekana. Hilo haliji kwenye simu yenye spika mbili za masikioni, kwa sababu ni miguu yako inayochagua utasikia nini. Ndiyo maana tulichangishana miezi minne tusafiri kilomita 450 kwenda na 450 kurudi.

Sasa niseme yaliyotokea. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kingston mlisimama karibu saa nzima, ingawa ratiba ilisema dakika 20. Tulifika Ottawa saa saba mchana, na papo hapo mwongozaji akatangaza kwamba muda umebana, tutapita kikanisani haraka kisha twende soko la ByWard kwa chakula na manunuzi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba soko.

Tuliingia wimbo ukiwa katikati. Mwongozaji akatukusanya karibu na mlango, akawasha kipaza sauti chake cha mkononi, akaanza historia ya jengo: kwamba kikanisa kilikuwa cha konventi ya masista pale Rideau Street, kwamba konventi ilibomolewa mwaka 1972, kwamba kikanisa kilifumuliwa vipande vipande na kujengwa upya ndani ya jumba hili lililofunguliwa mwaka 1988. Ni habari za kweli, na dari ile inastahili kuelezwa. Lakini tulikuwa tumekaa naye ndani ya basi saa tano na zaidi. Aliyasema yote hayo juu ya sauti 40 zilizokuwa zikiimba, na wageni wengine wasio wa msafara wetu wakatugeukia. Niliona aibu ambayo haikuwa yangu kuibeba.

Miongoni mwetu alikuwapo mzee wetu wa besi, mwenyeji wa Bukavu, ambaye haoni. Sitamtaja jina, ila mwongozaji wenu atamkumbuka. Huyu mzee ameshapelekwa makumbusho mara kadhaa na wanawe, na kila mara kazi yake imekuwa kusimama mbele ya kitu huku mtu akimsimulia. Safari hii alijua anakwenda kwenye sanaa ambayo haihitaji macho wala msimulizi. Alikuwa ameshanipangia: angeanza kwenye kwaya ya kwanza, nimshike mkono, amtafute besi wa kila kwaya mpaka ya nane. Alimfikia mmoja tu. Alisimama mbele yake ameinamisha kichwa, midomo ikimfuatisha bila kutoa sauti. Mwongozaji akamjia akamwambia, "Mzee, rudi kwenye kundi, usije ukaangusha kitu." Mlinzi wa ukumbi alikuwa hatua chache tu kutoka hapo na hakuwa amemkataza.

Kisha wimbo ukaisha. Kazi ile huchukua dakika 14: kama 11 za kuimba, na tatu ambazo waimbaji wanasikika wakiwa hawaimbi. Wanakohoa, wanasafisha koo, wanaongea mambo yao, watoto wananong'onezana. Cardiff aliziacha dakika hizo makusudi, na kwa mtu wa kwaya hizo ni nusu ya utamu, kwa sababu ndivyo tulivyo sisi sote kabla mwalimu hajainua mkono. Mwongozaji wenu aliposikia kikohozi alipiga makofi akasema, "Basi, imekwisha, sasa ni kelele tu, tutoke."

Mzee akajibu, "Bado, mwanangu. Wanajiandaa."

Alisikia pumzi zikipangwa. Hakuna aliyemsikiliza. Tulikuwa tumeshapita mlango, tunahesabiwa kama wanafunzi, pale sauti moja ilipoanza nyuma yetu, ya pili ikaipokea, kisha ya tatu. Mwanzo ule, ambao unazunguka kutoka kwaya hadi kwaya mpaka umetuzunguka pande zote, ndio niliokuwa nimewaeleza waimbaji wangu mazoezi baada ya mazoezi. Wameusikia kutoka kwenye korido, wakiwa wamegeuzia mgongo.

Mzee hakusema neno tena mpaka tulipofika Toronto.

Sina ugomvi na jumba la sanaa. Wahudumu wake walitupokea vizuri. Wala simtakii mwongozaji wenu afukuzwe kazi. Ni kijana mwenye adabu aliyetumwa kuonyesha kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Lawama naipeleka kwenu mliopanga ratiba na kuandika tangazo.

Tunachodai ni kurudishiwa nusu ya nauli, dola 72.50 kwa kila mmoja wa abiria 22, jumla dola 1,595, au tupelekwe tena Ottawa bila malipo na muda ule wa saa moja na nusu uheshimiwe, bila soko na bila kipaza sauti ndani ya kikanisa. Waimbaji wangu wengi wanapendelea kurudi, mimi nikiwamo. Pia tunataka mtu wa ofisi yenu ampigie mzee wetu simu amwombe radhi kwa kinywa chake, si kwa ujumbe wa maandishi ambao itabidi asomewe na mwingine. Namba yake nitawapa mkikubali. Na kama mtaendelea kuuza ziara hii, mwongozaji akae kwanza mle ndani peke yake kwa mizunguko miwili kamili, yaani dakika 28, kabla hajapeleka kundi jingine.

Nimeambatanisha nakala ya tangazo, risiti za malipo na orodha ya abiria yenye sahihi zao. Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,

Mwalimu wa kwaya,
kwa niaba ya abiria 22