Harambee ya Chumba cha Ushauri Nasaha, Changamwe

Wapendwa waumini, majirani, na wana wa Changamwe mlio mbali,

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada ya pili, tutakuwa na harambee. Si ya paa wala ya vipaza sauti, hivyo vitangoja. Tunatafuta shilingi 480,000 za kuwapatia wanaume na vijana wa mtaa huu ushauri nasaha kwa mwaka mmoja.

Tulikotoka mnakujua. Agizo la serikali la 2019 la kupeleka makasha ya bandari ya Mombasa bara kwa reli badala ya malori liliwaacha madereva, mataniboi wao, makanika na akina mama wa vibanda vya chakula bila kazi. Agizo liliondolewa 2022, lakini kuna waliokuwa wameshauza hata vitanda, na wengine ndoa zimeshavunjika. Baba wa namna hiyo haji kwa mchungaji kusema ana sonona. Hulalamikia mgongo, hukosa usingizi, hugombana na mkewe kwa jambo dogo, huanza kunywa mchana. Sisi tunamwita mlevi. Mwanawe aliyemaliza kidato cha nne anashinda barazani na muguka mdomoni, anabeti pesa ya nauli, naye tunamwita mvivu.

Wapo watakaouliza, kwani hospitali haipo? Ipo. Port Reitz iko hapa hapa, na ina kitengo cha afya ya akili. Lakini kliniki ni za mchana, na kibarua akikosa siku amekosa unga. Tena akionekana anaingia upande ule, kufika magharibi mtaa mzima una habari. Na maombi? Tutaendelea kuomba. Ila mwanamume anayeogopa kuonekana hatasimama mbele ya madhabahu kueleza kwamba juzi alifikiria kujiua.

Kwa hivyo tumekata shauri kuanza na mlango. Stoo ya nyuma ya ukumbi ina dirisha linalotazama kichochoro. Fundi atalibomoa aweke mlango, ainue ukuta hadi darini sauti isivuke, tuweke viti na feni (bila feni mle ndani, hata aliyeingia na raha zake atatoka na huzuni). Hiyo ni shilingi 60,000.

Shilingi 364,000 ni za mshauri, jioni mbili kila wiki, 3,500 kwa jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, watu wakishatoka kazini. Atakuwa mtu aliyesomea na kusajiliwa, asiyeishi mtaa huu. Wazee wetu wana busara, lakini pia wana majirani.

Zilizobaki, 56,000, ni za kuwafunza watu wanane, Wakristo na Waislamu, kutoka steji ya bodaboda, gereji na uwanja wa mpira. Watajifunza kusikiliza bila kuhubiri, na kumjua mtu aliye hatarini ili wamsindikize hospitalini.

Vijana wameuliza kama anayesema alijaribu kujiua atakamatwa na polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Njooni mseme yaliyo moyoni.

Kadi za ahadi zina nambari ya M-Pesa. Asiye na pesa alete saruji, mbao, au siku moja ya ufundi. Safari hii hatutasoma majina ya waliotoa wala kiasi. Waheshimiwa wanakaribishwa waketi na watoe kama sisi. Kipaza sauti hawatapewa. Kila miezi mitatu mweka hazina atabandika hesabu ubaoni, pesa zilizoingia na zilizotumika, pamoja na idadi ya waliohudumiwa. Majina yao hayataandikwa popote.

Aliyezidiwa leo asingoje harambee. Apige 1199, laini ya Msalaba Mwekundu isiyo na malipo, au afike Port Reitz, na aliye karibu naye amsindikize.

Katibu,
Kamati ya Harambee