Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuotesha makangaga (ile mimea isiyo na maua ya kwenye kivuli chenye unyevu), salaam. Mambo ya kawaida mnayajua sitayarudia, kitalu tumepalilia, majani makavu tumemwaga kwenye matuta chini ya miti, wageni walikuja wakapiga picha wakaondoka, basi.

Hesabu: tuko 41, ada 2,000 kwa mwezi, ilitakiwa 984,000, imepatikana 486,000. Shedi neti (neti ya kutilia kivuli) na mabeseni ya kuoteshea 310,000, usafiri 95,000, zilizobaki 81,000 anazo mweka hazina.

Sasa hili la makangaga ya porini, maana najua ndo mnalonisemea kwenye grupu. Ndio, mimi ndiye niliyekataa tununue yaliyochimbwa msituni na hata leo nakataa. Hapa Amani, milima ya Usambara, msitu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, mtu akikamatwa na kangaga la mti kwenye kiroba atataja chama, na mwenyekiti wa chama ni nani? Halafu likishang'olewa mizizi imekatika, ukilipanda kwenye shamba la iliki lililokwisha kivuli majani yanajikunja yanakauka, na sisi tunataka ya kukaa kijani mwaka mzima, kiangazi na masika.

Kangaga halina mbegu jamani. Lina vumbi la kahawia chini ya jani, hilo ndilo linaloota, unalaza jani kwenye karatasi nyeupe, asubuhi unakuta vumbi limedondoka, unalinyunyiza juu ya udongo uliochemshwa, unafunika na nailoni, unangoja. Ni miezi, nakubali, na mwanzoni unaona ukijani tu kama ukoga wa kwenye pipa, ndo maana kuna mwenzetu (simtaji) alidhani uchafu akasuuza mabeseni mawili! Yaliyopona ni yale ya barazani kwangu, na maji ya kunyunyizia tunachemsha mimi na mama watoto kwa kuni zetu, hakuna aliyeleta hata mzigo mmoja. Leo yana vijani vya ukubwa wa ukucha, mje muone.

Mahudhurio sasa. Mkutano wa Juni tulikuwa 9, wa Septemba 7 na mmoja wao alikuwa anapita tu akaona viti. Halafu mnasema maamuzi yanafanywa na watu wachache, si wachache ndo waliokuja?

Mwakani Mungu akipenda mvua zikishika makangaga tutayahamishia kando ya kijito kwenye kivuli, na akipatikana mfadhili tutaangalia mambo ya mpira wa kumwagilia maji. Wenye madeni mweka hazina yupo, hata kwa simu anapokea.