Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Kurudisha Msitu

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Hesabu atawasomea mhazini, sitamwingilia. Mimi nina neno la udongo.

Mnaikumbuka miche yetu ya mrihi iliyogoma kitaluni. Tuliimwagilia, tukaitia samadi, ikazidi kuwa manjano. Baadhi yetu, nami nikiwamo, tukailaumu mbegu. Kumbe mifuko tuliijaza udongo wa shamba la mahindi. Mrihi na mbambakofi huishi kwa ubia na kuvu maalumu, ambazo nyuzi zake huzivika ncha za mizizi, zikauletea mti maji na fosforasi kutoka mbali, nao mti ukazilipa sukari. Mzee mmoja wa kamati alifukua kidogo chini ya mrihi mkongwe akatushikisha kioo cha kukuzia: ncha fupi, nono kama vichwa vya njiti za kiberiti, zimevaa utando mweupe. Za miche yetu zilikuwa uchi.

Mikwaju je, mbona ilishika? Hiyo, kama miti mingi ya pwani, hushirikiana na kuvu za namna nyingine, zinazoingia ndani ya mzizi na hazioti uyoga. Mahindi nayo huzitumia, kwa hiyo shambani zimo tele.

Ziara ya Haller Park, Bamburi, ilinifungua macho. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa. Upandaji ulianza 1971. Aina 26 za miti zilijaribiwa, zikashika 3 tu, mvinje ikiwamo. Hata hivyo majani yake yalirundikana chini bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayatafuna, kuvu na bakteria wakamalizia.

Ile pakiti ya unga wa kuvu tuliyouziwa kwa bei ya mbuzi sitaki kuirudia. Haikuandikwa hata ni kuvu gani.

Kwa ruhusa ya wasimamizi wa msitu, sasa tunachota udongo kidogo chini ya mirihi mikubwa, konzi moja kwa kila mfuko, ukiwa bado na unyevu. Usianikwe juani. Mifuko mingine tumeiacha bila udongo huo ili tulinganishe kabla ya masika. Yenye udongo wa msitu imefungwa kamba nyekundu. Tafadhali waambieni watoto. Kamba mbili zimeshahamishwa, na sasa hatujui ipi ni ipi.